Kazi inapokufuata hadi kitandani

Pole sana, dada. Umeniandikia kwamba bosi anatuma ujumbe saa tano usiku, mume analalamika umekuwa mkali, na usingizi umekukimbia. Mimi ningeanza na simu, si na mume. Izime saa tatu, ilale sebuleni. Bosi mwambie mapema, kwa adabu, kwamba utajibu asubuhi; wengine huelewa kuliko tunavyodhani. Kahawa na chai ziishie mchana, kafeini hukaa mwilini saa nyingi. Mume mweleze mkiwa mmetulia: "Nimechoka, ila sijakuchoka wewe."

Huzuni ikizidi wiki 2, karibu kila siku, muone daktari. Hapo Dar, hospitali ya Muhimbili wana idara ya afya ya akili. Ukipata mawazo ya kujidhuru, nenda leo hii, usiende peke yako.