Kabla hujaipeleka hiyo laptopu kwa watu wa skrepa

Niseme mapema, mimi sio fundi wa kusomea. Nina duka la steshenari tu, kuchapa, kutoa kopi, kujazia watu fomu za mtandaoni, na kwa miaka kadhaa watu wamezoea kuniletea mashine zao maana wanaamini mtu akikaa na kompyuta kutwa nzima basi anajua na kuzitibu. Tangu Microsoft wafunge huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 zinakuja kwa fujo, Windows 11 inataka TPM 2.0, kile kichipu cha usalama, na prosesa za juzi juzi na hizi laptopu zetu za mtumba nyingi hazina hivyo vitu. Sasa mtu anakuja kanishikia laptopu kama kamshika kuku mgonjwa, ananiuliza, kaka hii bado inafaa au niwape wa skrepa?

Mara nyingi inafaa. Ila mi mwenyewe nilianza vibaya, nilidhani mchezo wote ni kutafuta Linux (mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, na ziko aina nyingi) iliyo nyepesi kuliko zote.

Mashine yangu ya kwanza ilikuwa Acer Aspire One, ile ndogo ya Atom N270, RAM 1GB. Nikasoma soma nikakutana na Tiny Core, faili lake halifiki hata MB 30, yaani dogo kuliko video za harusi mnazotumiana WhatsApp. Nikaiweka, ikawaka kabla sijamaliza kuvuta kiti, nikamwita mke wangu aje aone. Akaja, akaangalia ile skrini tupu, akaniuliza, "Sasa kuchapa unachapia wapi?" Nikakosa jibu. Kila kitu unakiongeza mwenyewe kimoja kimoja, na bando linakatika humo humo. Tiny Core ni nzuri kwa mtu anayejua anachojenga, mi nilikuwa sijui.

Nikahamia antiX 23, hii imejengwa juu ya Debian 12, Linux kongwe inayozaa nyingine nyingi, na ina toleo la biti 32, yaani la prosesa za kizamani kama ya hiyo Acer, na madirisha yake inayaendesha kwa IceWM, kaprogramu kepesi, badala ya mazingira mazito. Nikaandika free -m, amri ya kuonyesha RAM iliyotumika, nikakuta imekula MB 170 na ushee tu, moyo ukatulia. Afu nikafungua Firefox. Kurasa moja ya barua pepe, moja tu jamani, RAM ikapanda mpaka 700, nikafungua ya pili feni ikaanza kulia kama mashine ya kusaga. Nikalaumu antiX, nikabadilisha mfumo mara tatu tena, na Puppy, Linux nyingine nyepesi, humo humo, kote hadithi ile ile. Ndo nikaelewa mlaji ni braoza. Ukipunguza mfumo kutoka MB 400 hadi 170 umeokoa MB 230, braoza inazimeza kwa tabo moja na bado inataka.

Kwa hiyo siku hizi mtu akileta mashine, cha kwanza nauliza unaifanyia nini, cha pili naangalia ni biti ngapi. Washa Linux ya biti 32 kutoka kwenye flashi (ya 64 haitawaka kwenye prosesa ya 32), fungua dirisha la amri, yaani terminal, andika lscpu, soma ule mstari wa CPU op-mode: ukiona 64-bit humo ni 64, ikiwa 32-bit peke yake ni 32. Usidanganywe na Windows iliyokuwemo, nimeona Core 2 Duo kibao zimewekewa Windows 7 ya biti 32 wakati prosesa ni ya 64. Core 2 Duo zote ni 64, ila Core Duo isiyo na hiyo mbili katikati ni 32, hapo watu wengi wanapigwa. Hili ni muhimu kwa sababu mlango wa 32 unafungwa: Chrome ya Linux iliondoka huko tangu 2016, Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kiinstolia cha biti 32, na Firefox 144 ndo ilikuwa ya mwisho kwa Linux ya biti 32, wakaachiwa ile ESR 140, toleo linalopewa marekebisho kwa muda mrefu zaidi, ya kusogeza siku. Kama yako ni 32 usiiote ndoto za YouTube, ipe kazi ya kuchapa kwa AbiWord, mahesabu kwa Gnumeric, muziki, basi.

Kama ni 64 sasa ndo tunaongea. Na hapa watu huwa wanakasirika nikiwaambia, kabla ya kufikiria mfumo gani nunua SSD, ile diski ya kisasa isiyozunguka. Nina ThinkPad ya Core 2 Duo, ilikuwa na diski ya kuzunguka, kuwaka dakika mbili na zaidi, nikaweka SSD ya GB 120 nikaongeza RAM kutoka 2 kwenda 4, mfumo ule ule sijagusa kitu, ikawa inawaka kwa nusu dakika. Diski ya zamani inachoka kukimbizana na vifaili vidogo vidogo vilivyotawanyika, SSD haina sindano ya kuhangaika huku na huku. Ukienda Kariakoo kutafuta RAM nenda na ile ya zamani mkononi, usiende na maneno, DDR2 na DDR3 zinafanana kwa macho ila mkato wake uko sehemu tofauti na ukilazimisha unaua mashine.

Baada ya hapo mfumo. RAM ya 4GB naweka Linux Mint ya Xfce, kwa sababu mteja akiiona anakuta menyu kushoto chini na saa kulia chini, hanipigii simu usiku. Ya 2GB naweka antiX au ndugu yake MX, afu naongeza zram, yaani inabana vitu ndani ya RAM yenyewe ili vikae vingi. Kwenye Debian na ndugu zake wengi ni sudo apt install zram-tools, unafungua /etc/default/zramswap unaweka PERCENT=50, unawasha upya. Haitafanya 2GB iwe 8 lakini ile kuganda ganda inapungua sana.

Kuna siku moja nilihangaika nusu siku nzima na laptopu ya mwalimu mmoja. Linux imeingia vizuri, intaneti ipo, lakini kila tovuti inasema sio salama, na apt, ile amri ya kuingiza na kusasisha programu, inakataa kusasisha, inadai faili za hazina ya programu bado hazijaanza kutumika. Nikaisingizia kampuni ya simu, nikabadilisha laini mbili. Jioni nikaangalia saa pale pembeni, inasema Januari 2009. Betri ya bodi ilikufa! Vyeti vya tovuti vinaangalia tarehe, kwa mashine ile ilikuwa vyote havijazaliwa. Ni kale kabetri ka duara, CR2032, hata mafundi saa wanakauza, nikakabadilisha yakaisha.

Waifai nayo ikigoma usiogope, kadi nyingine zinataka fimuwea yake, yaani kaprogramu ka kuiendesha kadi yenyewe, kwanza na huna intaneti ya kuishushia. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa ile ya kugawa intaneti, Linux inaiona kama kebo ya mtandao bila kuuliza maswali.

Na tafadhali, kwenye ile flashi ijaribu mashine yote kabla hujabonyeza kuinstoli: sauti, kibodi, kufunga mfuniko na kufungua, na hasa printa. Kuna printa za bei rahisi zinategemea dereva ya Windows kwa kila kitu, nimewahi kumwekea mtu Linux safi kabisa afu printa yake ikabaki pambo. Na ukifika pale pa kufuta diski yote, soma mara mbili. Mimi nilishawahi kufuta picha za watu kwa kudhani D ni diski nyingine, kumbe ni kipande tu cha ile ile. Sipendi kuiongelea hiyo.

Ile Acer sijaitupa. Iko kaunta, waifai nimeizima kabisa, inapiga taarabu kutwa, na kwenye Gnumeric ina orodha ya wanaonidai na ninaowadai. Hao wa pili ni wengi.