Umehesabu vifaa, ukajisahau: majibu kwa wanafunzi wa uhandisi na sayansi

Shikamoo mwalimu. Nasoma uhandisi wa umeme, mwaka wa tatu, Mbeya. Natengeneza mashine za kutotolesha vifaranga, za mayai 60. Vifaa ni shilingi 180,000, kazi inachukua siku 4, nauza 200,000. Wateja wapo ila hela siioni.

Marahaba. Huioni kwa sababu haipo. Chukua kalamu. Nauli ya kufuata vifaa, tuseme 10,000. Akiba ya kurudi kwa mteja mota ya kugeuza mayai ikigoma, 20,000. Hapo umefika 210,000, yaani umeshaingia hasara ya 10,000 kabla hujajilipa hata senti. Sasa jilipe kama fundi wa kutwa, 25,000 kwa siku: mashine imekugharimu 310,000, na faida bado hujaiweka.

Utasema hakuna atakayenunua kwa bei hiyo. Umeuliza? Acha mashine moja kwa mfugaji kwa siku 21, mzunguko mzima wa kuku, uwe unapita kumwona. Mayai mangapi yameanguliwa? Vifaranga angevinunua kwa bei gani? Umeme ulipokatika usiku alifanya nini? Wanafunzi wengi huhangaika joto lisitoke kwenye nyuzi 37.5, na ni sawa, lakini mwenye mayai anachoogopa zaidi ni giza la saa nane za usiku. Ukimwekea betri ya kumvusha mpaka asubuhi, mazungumzo ya bei yatabadilika.

Mimi ni wa kemia. Nauza sabuni ya maji hosteli. Nianze na nembo ya TBS, Shirika la Viwango?

Anza na daftari. Kila ndoo iandikie vipimo na tarehe, na upime pH, kipimo cha ukali wa asidi au magadi, maana salfoniki, ile asidi ya kutengenezea sabuni, isipozimuliwa ukali sawasawa na soda eshi, sabuni itachubua mikono ya wenzako. Ikitoka vilevile kila mara, nenda ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ya mkoa wako. Shirika hilo lipo tangu 1973, na barua yake ya utambulisho humsaidia mjasiriamali mdogo anapokwenda TBS. Somo lako limekupa uwezo wa kupima ambao wauzaji wengi wa sabuni mtaani hawana. Utumie.

Nina ubunifu wangu. Nikiuonyesha kwenye maonyesho, si utaibiwa?

Wazo tupu halipewi hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi. Kinacholindwa ni uvumbuzi ulio mpya na unaoweza kutumika viwandani. Kwa hiyo peleka maombi BRELA, wakala wa usajili wa Bara, kwanza, ndipo uanike michoro. Zanzibar ina usajili wake, usidhani wa Bara unavuka bahari.

Kozi ya ujasiriamali ni ya kujazia alama tu?

Kwa wanaonakili mpango wa biashara wa mwaka jana, ndiyo. Inaniuma kuona miradi mizuri ya mwaka wa mwisho ikikusanya vumbi maabara. Mwombe mwalimu wa kozi hiyo uandike mpango juu ya mradi wako mwenyewe, na kabla ya kuchagua kichwa cha mradi, kaongee na watu watatu watakaoutumia. Andika maneno yao kama walivyoyasema.

Nitumie bumu kama mtaji?

Hapana, mwanangu. Hiyo ni hela ya kula na kulala, tena ni mkopo. Mteja wa kwanza atangulize nusu ya bei, ndiyo inunue vifaa. Asipokubali, utakuwa umelijua hilo kabla hujanunua hata waya.