Aya ya tano ina ya sita yake

Mmeuliza wiki hii: je, aya za kupigana na makafiri zinamhusu Muislamu wa leo? Swali hili niliwahi kuulizwa ana kwa ana na mwenzangu wa kazini, Mkristo, mtu ninayekula naye sahani moja. Alinionyesha kwenye simu kipande cha aya ya 5 ya Sura ya Tawba: "wauweni washirikina popote muwakutapo." Hakuja kwa shari. Alitaka kujua kama na yeye ninamhesabu humo.

Nikafungua msahafu, nikaweka kidole kwenye aya ya 6. Akaisoma tarjuma mwenyewe, polepole: mshirikina akikuomba hifadhi, mpe, apate kusikia maneno ya Mwenyezi Mungu, kisha mfikishe mahali pake pa amani. Mfikishe! Si kumwacha aende zake, bali kumsindikiza mpaka awe salama. Nikampandisha hadi aya ya 4, inayowatoa waliotimiza ahadi zao kwa Waislamu, kisha nikamshusha hadi ya 13, inayowataja watu waliovunja viapo na ndio walioanza uchokozi. Ingekuwa kosa la mtu ni kutoamini tu, aya ya 6 isingekuwa na maana yoyote.

Sura hiyo ilisomwa mbele ya mahujaji na Ali bin Abi Talib mwaka wa 9 Hijria, baada ya Makureshi, kabila la Makka, kuuvunja mkataba wa amani wa Hudaybiya wa mwaka 628 waliofunga na Waislamu, na Makka kuingia mikononi mwa Waislamu. Ibn al-Arabi wa madhehebu ya Maliki, aliyefariki 1148, alipoifasiri aya ya 5 alisema muradi wake ni washirikina wanaowapiga vita Waislamu.

Lakini sitaki kumdanganya mtu. Hoja ya upande wa pili haikuzuliwa jana kwenye intaneti. Wapo wanazuoni wakubwa waliosema kuwa aya hiyo, waliyoiita aya ya upanga, imefuta hukumu ya aya zaidi ya 100 za subira na msamaha. Na Imamu Shafi, ambaye mimi nafuata madhehebu yake, katika moja ya kauli zake mbili aliona sababu ya kupigana na mtu ni ukafiri wenyewe, ilhali wanazuoni walio wengi walisema sababu ni uadui wa vita. Tukiificha khitilafu hii darasani, kijana ataikuta peke yake, mbele ya mtu atakayemsomea kauli moja na kuinyamazia ya pili. Hilo linaniuma kuliko maneno ya wanaotushambulia.

Mimi nasimama na waliobana mlango wa naskh, yaani wa kusema aya fulani imefutwa hukumu yake. Mfasiri Tabari, aliyefariki 923, alikataa kuwa aya ya "piganeni na wanaokupigeni wala msivuke mipaka" imefutwa. Mwanazuoni Suyuti alipozichuja aya zinazodaiwa kufutwa alibaki na kama 20, na Shah Waliullah wa Delhi, katika karne ya 18, akabaki na tano tu. "Hapana kulazimisha katika dini" haimo katika hizo tano.

Mwenzangu hakuishia hapo, akaniuliza aya ya 29 ya Tawba, inayowataja Watu wa Kitabu, yaani Mayahudi na Wakristo. Nikamwambia kweli: hii ni nzito zaidi, na inamgusa Mkristo moja kwa moja. Wafasiri huifungamanisha na msafara wa kijeshi wa Tabuk, zama za Mtume, dhidi ya Warumi. Nikamwonyesha kuwa mwisho wake ni kutoa jizya, yaani kodi ya wasio Waislamu, si kubadili dini. Hakuridhika sana, na sikumlaumu.

Kilichomgusa ni Sura ya Mumtahana, aya ya 8: Mwenyezi Mungu hakukatazeni kuwafanyia wema na uadilifu wasiokupigeni vita kwa ajili ya dini wala kukutoeni majumbani mwenu. Nikamsimulia habari ya Asma binti Abubakar, aliyejiwa na mama yake, mshirikina, siku za ule mkataba na Makureshi. Asma akaenda kumuuliza Mtume (s.a.w.) kama amuunge, yaani adumishe udugu naye na kumtendea wema. Akajibiwa: ndiyo, muunge mama yako.

"Na huyo mama alisilimu?" akaniuliza.

Nikamwambia hadithi haisemi.