Chura wa Kihansi: kuzaliwa au kuanguliwa?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nilimsimulia shemeji yangu kwamba wale vyura wa Kihansi waliorudishwa kutoka Marekani walizaliwa huko huko, kwenye bustani ya wanyama. Alicheka mpaka machozi. Anasema chura hazaliwi, huanguliwa, na waliorudi ni wale wale waliochukuliwa. Tumewekeana jogoo. Nani kala?
Msomaji wako, Ifakara

JIBU: Marahaba. Mwambie shemeji aanze kumkimbiza jogoo, maana amekosa kote kuwili.

Huyu si kama vyura wanaotupigia kelele mitaroni wakati wa masika. Hatagi. Jike hubeba viluwiluwi tumboni mpaka wamekuwa vyura kamili, wenye miguu yote minne, ndipo huzaa. Ngozi ya tumbo lake ni nyepesi hata watoto huonekana kwa nje, kama kunde ndani ya mfuko wa nailoni. Mama mwenyewe hafiki sentimita 3, rangi yake manjano ya haradali. Mtoto hutoka akiwa mweusimweusi, hazidi punje ya mchele.

Usimcheke sana shemeji, lakini. Nikiwa nafundisha baiolojia nilimkata kijana mmoja alama mbili kwa kuandika kuwa wapo vyura wanaozaa. Nikaongeza na wino mwekundu: “Wapi?” Kama anasoma safu hii, alama zake nazirudisha.

Sasa hilo la pili. Makazi yao yote duniani yalikuwa kama hekta 2, kando ya maporomoko ya mto Kihansi huko Udzungwa, mahali panaponyeshewa na manyunyu usiku na mchana. Wataalamu waliwagundua mwaka 1996, mradi wa bwawa la umeme ukiwa tayari unaendelea. Mwaka 2000 maji mengi ya mto yakaelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakapotea. Mwaka huo huo vyura 499 wakasafirishwa hadi bustani ya Bronx, New York. Bondeni kukatandazwa mabomba ya kunyunyiza maji, na kwa muda yalisaidia, mpaka mwaka 2003 vyura walipopukutika ghafla. Fangasi wa ngozi ni miongoni mwa watuhumiwa. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Yaani kila chura wa Kihansi aliyekuwa hai wakati ule alikuwa ndani ya kioo, ughaibuni.

Na huko kwenyewe nusura waishe. Walishuka chini ya 100 kabla watunzaji hawajaelewa mwanga gani unawafaa, unyevu kiasi gani, na wadudu wa kulisha kinywa kidogo namna ile. Walipoelewa, majike yakaanza kuzaa mfululizo, Bronx na katika bustani ya Toledo, Ohio. Agosti 2010 wakaletwa 100 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakazaana tena, na mwaka 2012 wakaachiwa Kihansi.

Piga hesabu: kuanzia 2000 hadi 2010 ni miaka kumi, na chura wa ukubwa wa kidole gumba haishi umri huo. Waliorudi ni wajukuu na vitukuu, wazaliwa wa Marekani.

Jogoo ni wako. Paja moja mwachie shemeji, sababu na mimi ningemuunga mkono zamani zile.