Jibu: Mume ni mwanajeshi wa Marekani, anasema sina haki ya pensheni yake

Pole sana dada kwa talaka hii. Hayo maneno ya mumeo kwamba "ndoa ni ya miaka 9, haijafika 10, hupati hata senti" yapuuze. Wanajeshi wengi wanaambizana hivyo kambini, na si kweli. Sheria ya mwaka 1982 inairuhusu mahakama ya jimbo kugawa pensheni ya jeshi bila kujali hiyo miaka 10. Miaka 10 ya ndoa iliyokwenda sambamba na miaka 10 ya utumishi inahusu njia ya malipo tu: ikitimia, DFAS (ofisi ya malipo ya jeshi) wanakulipa moja kwa moja. Isipotimia, anakulipa yeye mwenyewe, na hapo ndipo usumbufu huanzia.

Fidia ya ulemavu ya VA (idara ya maveterani) haigawanywi, usipoteze nguvu huko.

Wengi wanachosahau ni SBP, mpango unaolipa waliobaki baada ya mwanajeshi kufariki. Akifariki, mgao wako unakatika, isipokuwa amri ya mahakama iwe imekuweka kwenye SBP. Wala usimwachie yeye kujaza! Peleka mwenyewe fomu DD 2656-10 (ya kuomba uwekwe kwenye SBP) kwa DFAS ndani ya mwaka 1 tangu amri itoke.

TRICARE yako (bima ya afya ya jeshi) itaisha na talaka (watoto wake wanabaki nayo). Una siku 60 kujiunga na CHCBP (bima ya muda kwa waliopoteza TRICARE), kwa gharama yako.

Ofisi ya wanasheria kambini hushauri wake wa wanajeshi bure, ila kama yeye ameshakutangulia pale, watakuelekeza kwingine. Na leo hii, kabla makaratasi hayajaanza kupotea, piga picha LES zake (hati za mshahara).