SSD imepunguza kasi? Kabla hujaibadilisha, hakikisha fstrim inafika kweli

Laptopu yangu ilianza kunipa shida taratibu, wala sio siku moja. Kuwaka inawaka vizuri, brauza inafunguka, ila ukianza kukopi kitu kizito, mfano folda ya video yenye GB 30, inaanza kwa kasi nzuri alafu ghafla inashuka, inashuka tena, mpaka mausi yenyewe inakwama kwama. Natumia Linux, diski ni SSD (diski ya chipu, isiyo na kitu kinachozunguka) ya GB 512, nikacheki afya yake kwa smartctl hamna erro hata moja, uchakavu asilimia chache tu. Na df, komandi ya kuonyesha nafasi, inaniambia nina nafasi zaidi ya nusu. Yani kila kitu kinasema diski ni nzima na ina nafasi, lakini inavyofanya kazi ni kama imejaa mpaka mlangoni.

Na kwa upande wake yenyewe kweli ilikuwa imejaa. Ndo sababu naandika hii, maana nimeona watu wakibadilisha diski nzima kwa tatizo ambalo komandi moja, fstrim, inalimaliza, na wengine wanaamini hiyo komandi inafanya kazi kila wiki kumbe haifiki popote, mi mwenyewe nilikuwa kwenye hilo kundi la pili kwa mda mrefu sana.

Ukifuta faili, mfumo wa faili haugusi data yenyewe. Unaondoa jina na kuandika kwenye daftari lake kwamba eneo fulani sasa liko wazi, basi. Kwenye hard disk za kuzunguka hilo halina shida, kitu kipya kinaandikwa juu ya cha zamani palepale. SSD haiwezi hivo. Chipu zake zinaandikwa kwa kurasa ndogo ndogo, kawaida KB 4 mpaka 16, lakini ukurasa mmoja haufutiki peke yake, lazima ifutwe bloku nzima yenye mamia ya kurasa kwa pamoja. Kwahiyo kontrola ya SSD, yani chipu inayoisimamia, ikitaka bloku safi inabidi ikusanye kurasa zote ambazo bado zina data, izihamishie kwingine, alafu ndo ifute.

Sasa chukua mfano wa mwenye nyumba za kupangisha ambaye wapangaji wake wanahama usiku bila kuaga. Kila akitaka kukarabati jengo anabeba na vitanda vya watu walioondoka miaka miwili iliyopita, anavipeleka jengo jingine kwa uangalifu kabisa, kwa sababu yeye anajua bado wapo. SSD isiyoambiwa nini kimefutwa inafanya hivohivo, inahamisha faili ulizofuta zamani, na kila kuhamisha ni kuandika, na kila kuandika kunakula umri wa chipu. Juu ya hilo SSD nyingi za kawaida zina sehemu ya kuandikia haraka ambayo ukubwa wake unategemea nafasi iliyo wazi, diski ikidhani imejaa hiyo sehemu inakuwa finyu, ndo unaona kopi inaanza kwa mbio alafu inazama.

Ujumbe wa kuiambia diski "hapa mpaka hapa sihitaji tena" unaitwa TRIM kwenye SATA na UNMAP kwenye SCSI, na NVMe nayo ina jina lake, ila kazi ni ileile. Na fstrim ndo komandi ya Linux inayopitia mfumo wa faili uliokwisha kupachikwa (mount), inakusanya maeneo yote yaliyo wazi na kuyatangaza kwa diski kwa mkupuo mmoja. Inakuja na kifurushi cha util-linux kwahiyo karibu kila distro (toleo la Linux kama Ubuntu au Fedora) unayo tayari, huna cha kudaunilodi:

sudo fstrim -v /

Hiyo -v ndo inakuonyesha ni kiasi gani kimetangazwa. Ukitaka ipitie mifumo yote iliyopachikwa inayokubali, tumia -av. Faili zako haziguswi, inashughulika na nafasi tupu tu, na unaweza kuiendesha huku unaendelea na kazi zako.

Mi nilivyoiendesha hiyo kwa mkono mara ya kwanza nikajibiwa kwamba operesheni ya discard, ndo jina la Linux la huo ujumbe wa TRIM, haikubaliki hapa. Nikashangaa, kwa sababu nilikuwa najua fika kuna taima ya systemd (programu inayosimamia sevisi za Linux) inaitwa fstrim.timer, kwangu ilikuwa imewashwa, nikiangalia systemctl inaonyesha inakimbia kila wiki bila kukosa, rangi ya kijani, hamna lalamiko. Nikaenda kusoma faili la hiyo sevisi nikakuta imeandikwa --quiet-unsupported. Maana yake ikikuta diski isiyokubali inaipita kimya kimya na kuripoti kwamba kazi imeenda vizuri. Kwahiyo miaka yote hiyo kila wiki taima inaamka, inagonga mlango, haifunguliwi, inarudi kulala, na mimi nikiangalia naona kijani. Hii kitu iliniuma kweli, na ndo ushauri wangu mkubwa kuliko yote: usiishie kuangalia kama taima imewashwa, endesha fstrim -v kwa mkono angalau mara moja uone namba kwa macho yako.

Cha pili cha kuangalia ni hiki:

lsblk --discard

Tazama kolamu mbili, DISC-GRAN na DISC-MAX. Zikiwa na namba, hiyo ngazi inapokea TRIM. Zikiwa sifuri, haipokei. Na nasema ngazi makusudi kwa sababu katikati ya faili zako na chipu kunaweza kuwa na tabaka kadhaa, na tabaka moja tu likikataa ujumbe unaishia hapo. Kwangu mstari wa diski yenyewe ulikuwa na namba safi kabisa, mstari wa chini yake, ule wa diski iliyofungwa kwa nywila kupitia LUKS, mfumo wa Linux wa kusimba diski, ulikuwa sifuri sifuri. Mzuizi nikamwona.

LUKS inazuia TRIM kwa makusudi, sio hitilafu. Ukiruhusu, mtu atakayeishika diski yako ataweza kuona ni maeneo gani ni matupu na yapi yana data, hawezi kuisoma lakini anapata picha ya kiasi na mpangilio. Kwa mtu ambaye kazi yake ni ya hatari, mwandishi wa habari za uchunguzi tuseme, hilo ni jambo la kukaa chini na kulifikiria, na akiamua kubaki na diski inayosuasua namwelewa. Mi nafunga diski nikiogopa wizi wa laptopu, mwizi akijua nina nafasi GB mia mbili na kitu wazi haimsaidii chochote, kwahiyo niliruhusu. Unafungua /etc/crypttab, faili la orodha ya diski zilizofungwa, kwenye safu ya mwisho ya diski yako unaongeza neno discard (kama kuna maneno mengine tayari unatenganisha kwa mkato), alafu unajenga upya initramfs (kimfumo kidogo kinachotangulia kompyuta ikiwaka), kwenye Debian na Ubuntu ni update-initramfs -u, kwenye Fedora ni dracut -f, unarestati. Kama ni LUKS2 kuna njia ya kuifanya ikae moja kwa moja kwenye hedi ya diski bila hata kurestati:

sudo cryptsetup --allow-discards --persistent refresh jina_la_diski

Hilo jina ni lile linaloonekana kwenye lsblk pembeni ya neno crypt. Chukua bakapu kwanza, sio kwamba komandi ni hatari sana, ila ukishaanza kugusa mambo ya crypttab ukakosea herufi unaweza kukuta kompyuta haiwaki na nywila yako haina pa kuingia.

Baada ya hapo nikarudia fstrim -v, ikakaa kama dakika moja na nusu hivi kimya, alafu ikatoa namba: GiB 287 zimeachiliwa. Karibu nafasi yangu yote tupu, SSD ilikuwa inaibeba kama data. Kasi haikurudi sekunde ileile, kontrola nayo inahitaji mda wa kufuta hizo bloku huko nyuma, niliiacha imewaka bila kuigusa usiku mzima, kesho yake folda ileile ya GB 30 ikapita bila kusuasua.

Kitu kimoja kinachochanganya watu, ukiendesha fstrim mara ya pili muda huohuo kwenye ext4, mfumo wa faili wa distro nyingi, utaona sifuri au namba ndogo sana, sio kwamba imeharibika. Ext4 inakumbuka ni makundi gani ilishayatangaza na hayajaguswa tena, ila kumbukumbu hiyo iko kwenye ramu, ukirestati inaanza upya na utaona namba kubwa tena. XFS, mfumo mwingine wa faili, yenyewe inatangaza nafasi yote tupu kila mara. Kwahiyo usiisome hiyo namba kama takataka mpya ya wiki hii.

Na mara ngapi? Kwa kompyuta ya kawaida na hata seva nyingi, mara moja kwa wiki inatosha, na hivo ndo taima inavyokuja imepangwa, unaiwasha kwa systemctl enable --now fstrim.timer kama distro yako haijaiwasha (Fedora kwa mfano imekuwa ikiiwasha yenyewe tangu toleo la 32 la mwaka 2020, Arch inakuachia wewe). Kuna wanaopenda kuweka discard kwenye /etc/fstab, faili la orodha ya diski za kupachikwa, ili kila ukifuta kitu ujumbe uende papo hapo. Mi siipendi kwa SATA, zile za zamani zinalazimika kusimamisha foleni nzima ya kazi kila TRIM inapopita, ukifuta folda yenye faili elfu kumi unaona mashine inashika pumzi, na kuna modeli ambazo TRIM ya kwenye foleni ina kasoro kwenye fimwea mpaka kerneli ya Linux imeweka orodha ya kuzizuia. Mfumo wa faili wa Btrfs ni habari nyingine, tangu kerneli 6.2 inafanya yenyewe polepole kwa nyuma, hiyo iache.

Kama unatumia kompyuta pepe, hapa fstrim ina raha yake ya pekee. Nilikuwa na kompyuta pepe ya KVM ambayo diski yake ni faili la qcow2 lililokula GB 90 kwenye hosti, yani kompyuta halisi inayoibeba, huku ndani yake kumetumika GB 22 tu. Sababu ni ileile, ndani unafuta, nje haijulikani. Ukiweka discard='unmap' kwenye mpangilio wa hiyo diski, alafu ukaendesha fstrim ndani ya kompyuta pepe, faili la nje linapungua kweli. Angalia kwa du -h, sio ls -lh, kwa sababu faili linatobolewa matundu katikati na ls inaweza kuendelea kukuonyesha ukubwa wa zamani ukadhani hamna kilichotokea. Kama diski pepe imeunganishwa kwa virtio-blk, inaikubali kuanzia QEMU 4.0 (programu inayoendesha kompyuta pepe), ukiwa na ya zamani zaidi iunganishe kwa virtio-scsi.

SSD za nje za USB ndo zinazosumbua zaidi, kwa sababu chipu ya lile kasha ndo inaamua kama ujumbe upite au usipite, na nyingi hazipitishi. Kuna maelekezo yanazunguka ya kulazimisha kwa kubadilisha mpangilio wa kerneli unaoitwa provisioning_mode kuwa unmap. Kama chipu yenyewe haijatangaza kwamba inaiweza, naomba usifanye hivo kwenye diski yenye kitu unachokithamini, unakuwa unaituma komandi kwa kifaa ambacho hakijakuahidi kuielewa.

Upande wa Windows mambo mengi yanaenda yenyewe, ukitaka kulazimisha kwa PawaSheli ni Optimize-Volume -DriveLetter C -ReTrim -Verbose, na kucheki kama imewashwa ni fsutil behavior query DisableDeleteNotify, jibu la 0 ndo zuri ingawa jina linakufanya ufikirie kinyume.

Sasa sehemu ambayo naomba usome taratibu. TRIM ikishapita, faili ulilofuta kwa bahati mbaya ndo basi tena. Mtu wangu wa karibu alifuta folda ya picha za mtoto wake, akaniita siku tano baadaye, nikaja na photorec, programu ya kuokoa faili, nikiwa na matumaini yote, maana kwenye hard disk za zamani nimeshaokoa vitu vya miezi. Hatukupata hata picha moja, taima ya wiki ilikuwa imepita jana yake. Ukigundua umefuta kitu muhimu, kitu cha kwanza kabla hata hujaanza kutafuta programu ya kuokoa, simamisha taima:

sudo systemctl stop fstrim.timer

alafu zima mashine, washa kwa flashi yenye Linux ya moja kwa moja bila kupachika hiyo diski. Kama ulikuwa umeweka discard kwenye fstab uwezekano ni mdogo sana, kwa sababu ujumbe uliondoka mara tu ulipofuta.

Na kuna ndugu yake fstrim anaitwa blkdiscard, ukitafuta utamkuta kwenye kurasa zilezile za maelekezo. Huyo haangalii nini kimetumika na nini hakijatumika, anaiachilia diski nzima na kila kilichomo, inachukua sekunde chache tu. Mi namtumia kwenye diski ninayotaka kuianza upya, na kabla ya kubonyeza enta nachomoa diski nyingine zote za nje, nasoma jina la kifaa kwa sauti, narudia lsblk tena niangalie ukubwa na modeli. Majina ya diski kama sda na sdb yanaweza kubadilishana ukirestati.