Baba, dayalisisi na tumbo lisilofunguka

Figo za baba ziliposhindwa kazi na akaanza dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, tulifundishwa mengi. Maji kwa kipimo, chumvi kidogo, mkono wenye fistula (mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili uchomwe sindano za mashine) usibebe ndoo wala usifungwe kipimo cha presha. Habari ya choo sikumbuki kama iliguswa. Na baba, Mgogo wa Kongwa aliyezeeka na ng'ombe wake, si mtu wa kumwambia mwanawe kwamba siku ya tano hii hajapata haja kubwa. Nesi akimuuliza, "Mzee, choo kinaendaje?" anajibu, "Salama." Nilishtuka mimi mwenyewe, alipoanza kubakiza ugali na kukaa chooni asubuhi mpaka wajukuu wanagonga mlango wakichelewa shule.

Nikawauliza majirani hapa Nkuhungu, na kila mmoja alikuwa na dawa yake. Anywe maji mengi. Apewe juisi ya ubuyu. Ukwaju. Zabibu kavu, si tuko Dodoma! Mama mmoja akaniletea chumvi ya haluli kwenye kipande cha gazeti. Wote walikuwa na nia njema, na wote wangeweza kunizikia baba. Maji anaruhusiwa nusu lita kwa siku, pamoja na kiasi kile kidogo anachokojoa. Ubuyu, ukwaju na zabibu kavu vina potasiamu nyingi, na potasiamu ikipanda sana moyo unaweza kusimama. Haluli ni magnesiamu, nayo figo zikishindwa kazi inabaki mwilini.

Kwa hiyo vile vinavyolainisha choo ndivyo alivyokatazwa, na anavyolazimika kumeza ndivyo vinavyokifunga: vidonge vya kalsiamu vya kuzuia fosfeti (madini ya kwenye chakula ambayo figo mbovu hushindwa kuyatoa), vidonge vya chuma. Ongeza saa nne za kitandani kwenye mashine, mara tatu kwa wiki. Haja ikimjia pale anaibana, maana nani atamfungua mirija? Na choo kikibanwa hukauka. Baadaye daktari alinieleza jambo lililonitia hofu zaidi: figo zikifa, utumbo husaidia kutoa sehemu ya potasiamu kupitia choo. Tumbo likifunga, na mlango huo nao umefungwa.

Sista mmoja wa zamu ndiye aliyeniuliza, "Kwani hamumkandi tumbo?" Daktari alipokubali, akanionyesha kwa mkono wake mwenyewe juu ya shuka.

Mgonjwa analala chali, mto chini ya magoti ili tumbo lilegee. Baba siku moja kabla ya mashine huwa na maji mwilini, hawezi kulala bapa, kwa hiyo namwekea mito miwili kichwani. Akihema kwa shida hata hivyo, hapo si pa kukanda, ni pa kutafuta bajaji ya kwenda hospitali. Napasha viganja kwa kusugua, natia mafuta ya alizeti kidogo (yeye angependa samli, mke wangu amekataa kwa ajili ya mashuka). Naanza na nyonga yake ya kulia, napanda taratibu hadi chini ya mbavu, navuka juu ya kitovu kwenda kushoto, nashuka hadi nyonga ya kushoto. Halafu tena. Ndiyo njia ambayo utumbo mpana wenyewe unapita. Uzito ni ule wa kukanda unga wa chapati uliolainika, si wa kumchua mchezaji mpira. Dakika 15 zinatosha.

Wiki ya kwanza nilikuwa nakanda kinyume. Nilikaa upande wa miguu nikimtazama, nikaanza na kulia kwangu, kumbe ndiyo kushoto kwake. Baba alivumilia siku nne ndipo akasema, "Mwanangu, unavirudisha juu." Sikujua nicheke au nilie. Sasa nakaa ubavuni kwake, nikitazama upande anaotazama yeye, na mkono haupotei.

Tunafanya alfajiri kabla hajala. Kisha anapata kikombe kidogo cha uji wa moto, kilichohesabiwa kwenye maji yake, maana chakula kikiingia tumbo tupu utumbo huamka. Baada ya hapo anakwenda chooni, haja iwe imekuja au haijaja. Kijijini alizoea choo cha kuchuchumaa, hiki cha kukaa kilimshinda. Nikamwambia akanyagie kigoda chake ili magoti yapande. Akanitazama kama nimetukana ukoo. Kigoda cha mzee hakikanyagwi. Tukageuza ndoo ndogo ya rangi, ikafaa.

Siku aliyotoka kwenye mashine simgusi. Kule hutiwa heparini ili damu isigande, na mwili unavilia damu kirahisi. Na usikande kabisa kabla ya kumuuliza daktari kama mgonjwa wako ana ngiri, amepasuliwa tumbo karibuni, ana mrija wa dayalisisi ya tumboni, au figo zake zimejaa uvimbe wa maji. Tumbo likiuma ghafla na kukakamaa, akitapika, au choo kikiwa na damu au cheusi kama lami, acha mafuta mkamwone daktari. Dawa za kuharisha usinunue kwa kukisia, na zile za kuingiza nyuma zenye fosfeti hazimfai mtu wa mashine.

Hili la kukanda si muujiza. Kuna utafiti uliofanyika Sweden na kutolewa mwaka 2009, kwa watu 60 wenye tatizo la kufunga choo; haukuwa utafiti wa wagonjwa wa dayalisisi. Baada ya wiki nane waliokandwa walipata choo mara nyingi zaidi na maumivu yakapungua, ila dawa za kulainisha hawakuzipunguza. Kwetu ni vivyo hivyo. Baba bado anatumia laktulosi, dawa ya kulainisha choo aliyoandikiwa, na mabadiliko niliyaona wiki ya tatu, si siku ya pili. Alikuwa anakaa siku tano, sasa ni siku moja au mbili.

Ninaandika kila siku kwenye daftari la mjukuu lililobaki kurasa: tarehe, uzito, choo. Wiki iliyopita nesi aliuliza tena swali lake. Nikafungua daftari, lakini baba akaniwahi: "Jana asubuhi, baada ya uji. Laini." Halafu akageukia dirishani, kama si yeye aliyesema.